Shofaji Iliyokuwa Nzima

Ninyi mnaojifunza ufundi kila Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa kule Louisville, mwalimu wenu kanipigia simu mara tatu akitaka niwaandikie habari za kazi. Nilimwambia mimi si mwandishi, mimi ni mwanamke wa spana na bisibisi. Akasema, "Mama Zawadi, andika kama unavyoongea." Haya, mmejitakia wenyewe. Mimi nikianza kuongea huwa sinyamazi mpaka chai ipoe.

Nimestaafu. Magoti yamegoma, na kazi yetu ni ya magoti, asiwadanganye mtu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimetengeneza friji, majiko, mashine za kufulia na shofaji kwenye nyumba za kupanga, kwanza huko mliko, halafu Columbus, mwisho hapa Buffalo ambako baridi haina adabu. Shofaji ndivyo tunavyoita sisi tuliotoka Kongo. Watanzania wanasema hita. Ni mtambo ule ule. Unakaa chini ya nyumba, unapasha hewa moto na kuisukuma vyumbani kupitia matundu ya sakafuni. Ukutani kuna kidude kinachopima joto na kuuambia mtambo uwake au uzime. Hicho tunakiita termostati, na leo mtakisikia sana.

Nina visa vingi, lakini kuna nyumba moja hapa Buffalo ndiyo iliyonifanya nikubali kushika kalamu. Mtoto mchanga alibaki kidogo tu azuiwe kurudi kwenye nyumba ile, kwa sababu ya kitu nilichodhani nakijua. Nitafika huko. Kwanza niwaambie habari za kiti.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Harold, mzee wa Kimarekani, mrefu, mwenye masikio makubwa na kikohozi cha sigara alizokwisha kuziacha. Alitembea na boksi la vifaa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kiti kidogo cha kukunja, kile cha wavuvi. Tukiingia kwenye nyumba ya mtu, mimi nakimbilia mashine, yeye anakunjua kiti na kuketi. Anaangalia. Anauliza maswali ya kijinga. Mimi moyoni nasema, huyu mzee amechoka, wangempumzisha tu.

Siku moja tuliitwa mtaa wa Shively, kwa mzee mmoja Mtanzania, Mzee Hamisi wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi ya kufungasha mizigo kwenye ghala. Friji yake ilikuwa inaharibu maziwa. Tulipofika friji ilikuwa inanguruma vizuri na ndani ni baridi. Nikasema, ahaa, basi tatizo ni la kujificha, hili ni la mtu mwenye akili kama mimi. Nikaivuta, nikaifungua nyuma, nikapima kompresa, nikapima feni, nikatoa jasho kama napalilia shamba la mihogo. Saa mbili nzima! Harold kaketi pembeni anakunywa chai ya tangawizi ya Mzee Hamisi na kula kaimati, wala hanisemeshi.

Nilipoinua mikono, Harold akaniambia nimwombe mzee atuonyeshe jinsi anavyotoka nyumbani akienda kazini. Nikaona aibu kutafsiri swali kama hilo. Mzee Hamisi naye alinitazama kama anayemwonea huruma mgonjwa. Lakini alisimama, akavaa kofia, akachukua funguo, akaanza kutembea kuelekea mlangoni huku anazima swichi za ukutani, moja, mbili, tatu. Kwao soketi zina swichi zake, na mtu mwenye malezi hatoki nyumbani akaacha umeme wazi. Alipozima ya tatu, friji ikanyamaza.

Soketi ya friji iliungwa na ile swichi ya tatu, ya taa. Akitoka anazima, maziwa yanaharibika. Akirudi anawasha, friji inanguruma kana kwamba haijui lolote. Mzee Hamisi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikucheka, nilikuwa bado nina skrubu kumi na nane za kurudisha.

Ndani ya gari Harold alitoa daftari lake akanionyesha. Kila kazi ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto aliandika alichokiona kwa macho na kukigusa kwa mkono. Wa kulia aliandika anachodhani. "Usishike spana mpaka wa kushoto uwe mrefu kuliko wa kulia," akaniambia. "Na kabla hujauliza kimeharibika nini, uliza kinaharibika lini." Nilinunua daftari siku ile ile. Nanyi nunueni. La karatasi, tafadhali, maana simu zenu zina mambo mengi.

Sasa msije mkafikiri kwamba mtu akishafundishwa hivyo amepona. Dhana ni kama panya wa jikoni, ukiziba tundu hili anatokea lingine. Nilipohamia Columbus kumfuata binti yangu, mlango wa kwanza kuugonga ulikuwa mtaa wa Linden. Nina jaketi la kampuni, nina boksi la vifaa, nina kipimo cha umeme shingoni. Mwanamume akafungua, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akanikabidhi mopu na ndoo. Eti bafu liko juu! Nilipiga deki lile bafu? Nilipiga deki! Nilikuwa na hasira nikaona nikifungua mdomo nitasema mabaya. Kisha nikashuka nikamtengenezea jiko lake. Hakuweza kunitazama usoni.

Nilisimulia kisa hicho kila mahali, kanisani, kwenye misiba, hata kwa watu wasioniuliza. Haukupita muda nikaitwa kule Hilliard, nyumba kubwa ya ghorofa, bustani imekatwa vizuri. Nikamkuta mzee mweusi mwenye sweta iliyotoboka viwiko anafagia majani huku akiimba kwa Kiswahili. Nikamwamkia, shikamoo, nikamwomba aniitie mwenye nyumba. Akasema kwa upole, "Marahaba, lakini mashine ya kufulia inagonga upande wa pampu, sikiliza pale." Nikamshukuru na nisimsikilize. Saa nzima nahangaika na pipa la mashine. Mwishowe nikafungua pampu, nikakuta kibanio cha nywele. Na yule mzee ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, Mtanzania, mhandisi, amesoma kuliko ukoo wangu wote. Ile hadithi ya mopu nikaipunguza kuisimulia.

Haya, sasa Buffalo. Mnisikilize vizuri hapa.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, anatoka Fizi kule Kongo kama mimi, tukimwita Mama Amani. Mtoto wake Amani alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo hivi, unaweza kumlaza kwenye kanga iliyokunjwa mara nne. Mapafu yake yalikuwa dhaifu. Hospitali walimruhusu kurudi nyumbani kwa masharti mawili: nyumba iwe na joto muda wote, na asikae karibu na watu wengi wenye mafua. Baba yake alifanya kazi kiwandani, zamu ya mchana.

Waliniita mara ya kwanza mwezi wa kwanza, theluji imefika kwenye madirisha. Mama Amani aliniambia, "Mama, hii shofaji iko nazima yenyewe. Tunakuwa mu joto, kisha mutoto anakuwa baridi kama samaki. Juzi tulimukimbiza ku hospitali."

Nikashuka chini. Shofaji inawaka, moto ni wa buluu safi, hewa inatoka moto. Kinachohisi mwali wa moto kilikuwa na masizi kidogo. Nikasema, huyu hapa, nimekukamata. Kikichafuka kile, mtambo hudhani moto haupo, unazima. Nikakisafisha, nikabadilisha kichujio cha hewa, nikapanda juu nimejaa furaha. Niliandika nini kwenye daftari? Wanangu, daftari nilikuwa nimeliacha kwenye gari. Kiti cha Harold, ambacho aliniachia alipostaafu, kilikuwa nyumbani kwangu kimebeba chungu cha maua. Tulikuwa tumepewa vipimo vipya vya kisasa vyenye skrini, unachomeka, vinakuandikia msimbo wa hitilafu. Nikaona mambo ya viti ni ya kizamani. Nami nawaambia, hizo skrini ni nzuri, zitumieni. Lakini msimbo unakwambia mashine inahisi nini. Hauwezi kukwambia watu wanaishije.

Baada ya majuma mawili wakaita tena. Mtoto amerudi hospitali, mwili umepoa. Nikaenda siku ya Jumanne asubuhi, nikachomeka kipimo, hakuna msimbo. Shofaji ni nzima. Nikatazama termostati sebuleni: imewekwa sabini na mbili za Farenhaiti, kama ishirini na mbili za kwetu, na nyumba ina sabini na mbili. Nikaenda chumba cha nyuma anakolala mtoto, chumba kilichoongezwa kwenye nyumba, kuta tatu zinatazama nje. Kina joto pia. Nikamuuliza Mama Amani, "Huwa mnaigusagusa hii?"

"Hapana, mama."

"Mnafungua madirisha?"

Akasita kidogo. "Hapana."

Ule msito niliuona. Na kwa sababu niliuona, nikajua, yaani nilidhani nimejua. Mimi ni Mkongo, hii ni nyumba ya Wakongo, nazijua nyumba zetu. Nikasema moyoni, hawa wanafungua madirisha wakipika, wanachezea termostati, wanaogopa kukiri. Nikaandika kwenye ripoti ya kampuni: mtambo ni mzima, wapangaji hawajui kuutumia. Nikatia sahihi yangu.

Niliandika hivyo. Miaka imepita na bado nikiikumbuka sentensi ile uso unanichoma.

Ijumaa yake Mama Amani alinipigia simu, hakusalimia. Alisema mwenye nyumba ameonyeshwa ripoti na amesema hatatuma tena fundi, maana kosa ni la wapangaji. Na muuguzi anayemtembelea mtoto naye amesema kwamba Amani akipatikana amepoa mara ya tatu, hataruhusiwa kurudi nyumba ile. Atabaki hospitali mpaka wapate kwingine. "Bon," akasema, "umeandika vile sababu sisi ni bajinga. Asante, Mama Zawadi." Akakata.

Nilikaa jikoni kwangu nikalia, sitawaficha. Nililia kwa sababu ya ile mopu ya Linden. Mtu alinitazama akaona anachokijua, na mimi nimemtazama binti wa kwetu nikafanya vile vile, tena kwa maandishi. Kisha nikaondoa chungu cha maua juu ya kiti.

Jumamosi nilikwenda kwao bila jaketi la kampuni. Nilivaa kitenge, nikabeba mfuko wa unga wa muhogo, na kiti nikakiacha kwenye gari kwa sababu nilijua sitakihitaji. Kwetu mgeni hasemi kilichomleta akiwa amesimama. Hata awe amekukosea vipi, ukimfungulia mlango unamwambia karibu, ukae, na akishakaa analetewa chochote kilichopo. Na Mama Amani, pamoja na hasira zake, alikuwa amelelewa. Aliutazama mfuko wa unga, akanitazama mimi.

"Karibu. Ukae."

Mnaona? Mara mbili zilizopita nilikuwa nimeingia na buti nikashuka moja kwa moja chini. Harold, Mzungu wa Kentucky, alikuwa akifanya kila siku kile ambacho mama yangu alinifundisha kabla sijaota meno, na mimi nilikiacha nilipovaa jaketi.

Akaleta fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu. Tukala. Nilipomaliza kunawa nikasema, "Mama Amani, nimekuja kuomba msamaha. Nimeandika nisichokiona. Nisaidie nikione."

Alimhamisha mtoto bega hili kwenda lile.

"Niambie tu," nikasema, "mara ya kwanza alipopoa, ilikuwa siku gani?"

"Siku ya Mungu."

"Jumapili. Na mara ya pili?"

Akatazama sakafu. "Siku ya Mungu pia."

Ndipo macho yangu yakafunguka, nikaanza kuona vitu vya sebule ile kwa mara ya kwanza. Nyuma ya kochi kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa juu ya vingine, virefu mpaka dirishani, vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Vilikuwepo mara zote mbili. Niliviona nikavipita, kwa kuwa hata kwangu viko. Nyumba gani ya Wakongo haina viti vya wageni? Lakini vile vilikuwa zaidi ya ishirini, na pembeni ya kabati kulikuwa na ngoma.

"Nani wanakaa kwenye viti hivi?"

Mama Amani akaanza kutokwa machozi. "Mama, ukiandika ile mu karatasi yako, mwenye nyumba atatufukuza."

"Sina karatasi leo. Tazama, sina hata kalamu."

Basi akasema. Kila Jumapili alasiri, baada ya ibada, cellule, yaani kikundi cha maombi cha Wakongo wa mtaa ule, ilikutana sebuleni kwake. "Tunaimbaka, tunaombea mutoto. Batu makumi mbili na kitu, siku zingine makumi tatu. Baba yake iko ku kazi, donc niko peke yangu na bo. Muuguzi alikataza mutoto kukaa na batu wengi, njo vile ninamuweka mu chumba ya nyuma, ninafunga mulango muzuri." Na yale madirisha? "Sebule inakuwa moto sana, mama. Kuna siku tulifungua kidogo."

Watu wazima thelathini wanaoimba na kucheza! Na jikoni, hatua tatu kutoka pale, sufuria kubwa ya maharage na nyingine ya sombe. Wanangu, ninyi ambao mmeshajua termostati iko wapi, mmeshapata jibu. Mimi nilikuwa nimekaa pale mdomo wazi, nikiangalia kile kidude ukutani, kimening'inia sebuleni katikati ya viti.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mwenye nyumba kuifuta ripoti yangu kwa mdomo wangu, na nikamweleza habari ya maombi, kwa ruhusa ya Mama Amani. Mwenye nyumba ni mzee mnene, hana maneno mengi. Akafikiri. Akauliza, "Wanaimba? Kumbe ni wao! Nilidhani ni redio ya jirani." Akasema hana neno, ila wasiegeshe magari mbele ya gereji yake. Basi. Miezi yote ile walikuwa wanamwogopa mtu ambaye hawakuwahi kumuuliza.

Lakini nimeiruka Jumapili yenyewe, na hiyo ndiyo niliyotaka kuwaachia.

Nilifika saa tisa na kiti cha Harold mkononi, daftari mfukoni, na vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja nikakiweka sebuleni, kingine chumba cha nyuma. Nikakunjua kiti kwenye korido, pale ambapo naweza kuona pande zote mbili, nikaketi. Amani alikuwa amefunikwa blanketi mbili kitandani kwake. Watu wakaanza kuingia, wanakung'uta theluji, wananisalimia, "Mama Zawadi, unafanya nini mu korido?" Nikawajibu nawasubiri malaika. Ngoma ikaanza.

Ukurasa wa kushoto niliandika hivi. Saa kumi kasoro robo, sebuleni sabini na tatu, nyuma sabini. Saa kumi na robo, sebuleni sabini na nane, wamama wanajipepea na vitabu vya nyimbo, shofaji kimya. Saa kumi na nusu, sebuleni themanini na kitu, mzee mmoja anavua koti na tai, shofaji kimya kabisa. Nyuma hamsini na tisa. Nje baridi ilikuwa inapasua mawe, na chumba chenye kuta tatu za nje kilikuwa kimeachwa kijitegemee, mlango umefungwa vizuri, kama muuguzi alivyotaka.

Termostati haikukosea. Iliulizwa, je, kuna joto? Ikajibu ukweli, joto lipo, tena tele. Shofaji nayo ikatii ikalala. Mama Amani alifanya alichoambiwa. Waimbaji walikuwa wanamwombea mtoto kwa moyo wote, na kadiri walivyoimba kwa nguvu ndivyo mtoto alivyozidi kupoa. Hakukuwa na kilichoharibika nyumba nzima, isipokuwa kile nilichokiandika mimi.

Ukurasa wa kulia niliandika mstari mmoja tu: joto lipo, ila halisafiri. Kisha nikasimama, nikapenya katikati ya wachezaji huku nikikanyagwa, nikafika kwenye termostati. Chini yake kuna kiswichi kidogo ambacho watu wengi hawakigusi maisha yao yote. Kikiwa upande mmoja, feni inazunguka pale tu moto unapowaka. Kikiwa upande wa pili, feni inazunguka muda wote, moto uwepo usiwepo, inavuta hewa ya sebuleni na kuigawa nyumba nzima. Nikakisogeza kwa ukucha. Sikubadilisha kipuri hata kimoja. Baadaye tulihamishia termostati kwenye korido, lakini siku ile ilikuwa ni ukucha tu.

Chini ya nyumba feni ikaguruma. Nikarudi korido nikamkuta Mama Amani amekwisha kufika mlango wa nyuma, amesikia. Tukaingia wote wawili tukafunga mlango. Nikapiga magoti kando ya tundu la hewa sakafuni, wakati huo magoti yangu yalikuwa bado yananisikiliza, nikaweka kiganja. Mwanzoni ilitoka hewa ya baridi iliyokuwa imelala kwenye mabomba. Tukangoja. Mama Amani ameshika mdomo. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wamefika kwenye kiitikio, sakafu inatetemeka.

Kisha ikaja. Haikuwa na ile harufu ya moto wa shofaji. Ilikuwa na harufu ya sombe na mawese, na jasho la watu, na mafuta ya kujipaka ya Jumapili.

Mama Amani akapiga magoti kando yangu, akanusa, akaanza kucheka huku analia. "Bon! Hata sombe inafika!"

Kisha akanigeukia, akaniuliza lile swali ambalo nawaachia ninyi, kwa kuwa mimi nimelibeba vya kutosha. "Mama Zawadi, kwa nini haukutuulizaka tangu siku ya kwanza?"

Nilitaka kumuuliza na yeye kwa nini hakuniambia. Lakini nilijua. Alikuwa ameliona jaketi akadhani ananijua, kama mimi nilivyoona viti nikadhani namjua. Nikamwambia, "Nilidhani hakuna haja."

Tulikaa sakafuni tukasubiri wimbo wa pili, na wa tatu. Kipimajoto kikafika sitini na tatu, sitini na sita. Watu thelathini walikuwa wanaimba upande wa pili bila kujua kwamba joto lao linapita chini ya miguu yao linakuja kwa yule wanayemwombea. Amani sasa ana miaka tisa, anapiga ile ngoma, wala hakupoa tena hata Jumapili moja. Ila siku ile sikuwa najua hayo yote. Nilichokuwa nacho ni mkono wangu tu. Nikauingiza chini ya blanketi, nikautafuta mguu wake, mdogo kama kidole gumba changu, nikaushika.

Ulikuwa na joto.